Miche yetu ya mikoko imekufa, na mtu wa kaboni anataka tusaini

*“Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijiji cha pwani katika kaunti ya Kilifi. Mume wangu alikuwa mkata boriti mwenye leseni mpaka marufuku ilipokuja. Siku hizi anatega kaa horini, kwenye mkono wa bahari ulioingia mikokoni. Mwaka juzi kikundi chetu cha kina mama 26 kilipanda miche 5,000 ya mikoko kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji, tukalipwa kwa kila mche. Leo haijabaki hata mia. Wazee wanasema tulijichosha bure, kwamba mikoko ukiikata hujirudia yenyewe tangu enzi za mababu. Sasa amekuja mtu anayetaka tusaini mkataba wa miaka 30 wa kuuza kaboni, na anasema kila nyumba itapata pesa. Wenzangu wengine wako tayari kusaini wiki hii. Nataka kujua: mikoko inaweza kutulisha kweli, au ni maneno ya miradi tu? Na je, tupande tena?”*

Dada, nianze na lenye haraka: msisaini wiki hii. Mkataba ulio mzuri hauharibiki kwa kusubiri mwezi mmoja, na nitakueleza mbele kidogo mnachotakiwa kuuliza. Lakini nikijibu la karatasi peke yake nitakuwa nimekukwepa. Mumeo ameondolewa kwenye kazi aliyoijua, miche mliyoipanda kwa mikono yenu imekufa, na kila mgeni anayeshuka kwenye gari anawaambia msitu huu ni mali. Msitu mnauona kila siku, ila mali yenyewe hamjaishika.

Mikoko inawalisha tayari. Inawalisha kupitia wavu, kapu la kaa na sufuria ya uduvi, na kwa kuwa chakula hicho hakina stakabadhi, hakuna anayekiandika. Pesa ya kaboni, yaani malipo ya hewa chafu ambayo msitu huizuia isirudi angani, ikija ni nyongeza juu ya hicho. Ikigeuzwa kuwa ndiyo sababu ya kuutunza msitu, siku itakapochelewa mtaudharau msitu pamoja nayo, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi nikisoma barua yako.

Nikueleze namna unavyolisha, maana ukiuelewa mwendo wake, mengine yote yatakaa sawa. Chukua jani moja la mkoko lililogeuka manjano likaanguka. Maji yakiwa yamekupwa, kaa wadogo wanaochimba chini ya miti hulikokota hadi mashimoni mwao wakalila. Sehemu nyingine huozeshwa na ukungu na vijidudu mpaka likawa vumbi laini, na vumbi hilo, pamoja na vijidudu vilivyolishika, ndilo chakula cha uduvi, kamba wachanga na tondo, konokono wa mikokoni. Hao nao wanaliwa na samaki. Msikubali hata hivyo kuambiwa kwamba bahari nzima inaishi kwa majani ya mikoko. Utafiti uliofanywa katika ghuba ya Gazi, kule Kwale, ulionyesha kwamba mabaki ya mikoko hufika kwenye nyasi bahari zilizo jirani, lakini hayafiki mpaka kwenye matumbawe. Faida ni kubwa, nayo ni ya karibu. Inawahusu ninyi mnaovua horini kuliko wanaovua kilindini.

Faida ya pili ni maficho, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Mizizi ya mkoko inayoshuka kama miguu ya buibui humruhusu samaki mchanga kupita na kumzuia mkubwa anayemfukuza. Maji ya humo yana utusitusi na yana chakula. Ndiyo maana changu, chewa na samaki wengine wengi utawaona wakiwa wadogo horini, kisha ukubwani unawakuta nje. Kamba maisha yao ni safari: mayai hutagwa baharini, vifaranga huletwa na maji hadi horini, hukaa hapo wakakua, halafu hurudi nje. Uvuvi mkubwa wa kamba hapa kwetu uko ghuba ya Ungwana, mbele ya midomo ya mito ya Tana na Sabaki, na kwa majirani zetu Watanzania uko mbele ya delta ya Rufiji, penye kiasi cha hekta 53,000 za mikoko. Mahali kamba wanapovuliwa, nyuma yake pana mito, tope na mikoko.

Kaa wa mumeo yuko humo humo. Kaa koko huchimba shimo lake kwenye tope chini ya miti, na jike akiwa na mayai hutoka horini kwenda kuyaachia baharini. Ukimtoa yule mwenye mayai tumboni umechukua kaa mmoja leo na kizazi kizima cha kesho. Mwombe mumeo amrudishe, na wale wadogo pia. Najua si rahisi kumrudisha kaa majini huku mchuuzi amesimama na mizani.

Sasa wazee wenu. Wana nusu ya haki, na nusu hiyo ni ya thamani, kwa hiyo msiwadharau. Mikoko ni ya aina nyingi. Ukikata aina iitwayo mchu, kisiki kinachipua. Mlilana, aina nyingine, nao huchipua. Lakini mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kuning'inia unaotoa boriti nzuri, hauchipui ukishakatwa shina, kwa sababu sehemu yake iliyokomaa haina macho ya kutoa machipukizi mapya. Kisiki chake hufa. Kinachorudi ni mbegu zinazodondoka kutoka kwenye miti iliyoachwa jirani, na hapo ndipo tofauti ya zama za mababu na zama zetu ilipo. Wao walichagua miti kwa unene: hapa fito, pale pau, kule boriti au nguzo, na mti mzazi ukabaki. Hata hivyo biashara ilikuwa kubwa tangu zamani. Majahazi yalipakia korija kwa korija za boriti, kila korija miti ishirini, kutoka Lamu kwenda Arabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Wazee wakitaka ushahidi, waulize jamaa zao wa Gazi. Miaka ya 1970 sehemu za msitu ule zilifyekwa zote ili kupata kuni za viwandani. Haukubaki mti mzazi wa kutosha, na vipande vile vilikaa uwanda mtupu mpaka ilipoanza kazi ya kupanda mwaka 1991, ikiongozwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi. Miti ile leo ni msitu. Kwa hiyo mikoko hujirudia, kwa sharti kwamba mzazi yupo na maji yanapita. Sharti moja likikosekana, utasubiri hadi wajukuu wazeeke.

Na hapo tunafika kwenye miche yenu 5,000. Umeandika maneno yaliyonijibu hata kabla sijauliza: “tope lililo wazi mbele ya kijiji”. Jiulize kwa nini lilikuwa wazi. Je, wazee wanakumbuka miti hapo? Kuna visiki? Kama havipo, basi bahari yenyewe ilishakataa miti iote mahali hapo tangu zamani, na sababu yake mara nyingi huwa hii: pako chini mno, maji hukaa muda mrefu mno. Mkoko hauishi kwa sababu unapenda maji ya chumvi, unaishi kwa sababu unayavumilia, na mizizi yake lazima ipate saa za kutosha za hewa kila maji yanapokupwa. Mche mchanga ukizama sehemu kubwa ya siku hukosa pumzi. Juu ya hilo mawimbi huutikisa kabla haujashika, mwani huulemea, na wale wadudu wa bahari wenye magamba makali wanaoganda kwenye nguzo za gati huuvaa shina lote mpaka ulale. Sikulaumu wewe wala wenzako. Mlipelekwa pale kwa sababu palikuwa wazi, na palikuwa wazi kwa sababu hapafai. Mimi pia nimewahi kusimama kwenye tope la namna hiyo na wanakijiji, nikaona miche ikitoweka mwezi baada ya mwezi, na ilinichukua muda kukiri kwamba kosa lilikuwa letu tuliochagua mahali.

Kuna kosa la pili, la malipo. Anayelipwa kwa kila mche anaochomeka atachomeka mingi, mahali penye urahisi wa kuchomeka. Mkipata mradi mwingine, ombeni sehemu kubwa ya malipo ihesabiwe kwa miti iliyo hai baada ya miaka mitatu. Mtaona jinsi kila mtu, mfadhili na mpandaji, atakavyoanza kutazama ardhi kwa makini.

Je, mpande tena? Pengine hapana, si kwanza. Tembeeni msitu wenu mzima wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamekupwa na tena yakiwa yamejaa. Penye vipara vilivyokatwa, inameni mtazame chini. Mkikuta miche iliyojiotea, kazi yenu ni kuilinda dhidi ya panga na mifugo, basi. Kupanda juu yake ni kuikanyaga. Mkikuta uwanda mkavu wenye ukoko wa chumvi mahali palipokuwa na mikoko, tafuteni kilichoziba maji. Mara nyingi ni tuta la barabara, au kingo za mashamba ya chumvi yaliyoachwa, au mkondo uliojaa mchanga. Kuufungua mkondo kwa majembe kunaweza kurudisha msitu kuliko miche elfu kumi, kwa sababu maji yenyewe huleta mbegu.

Pakibaki mahali ambapo maji yanapita vizuri, visiki vipo, na mbegu hazifiki, hapo pandeni, na kila mti mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, ukitazama bahari. Mkoko hufuata, hasa kando ya mikondo. Muia na mkandaa, aina nyingine mbili za mikoko, huja katikati, panapofikiwa na maji kwa muda mfupi zaidi, na mchu huvumilia chumvi nyingi ya nyuma. Kupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka ndiyo sababu ya vifo vingi nilivyoviona. Mbegu za mkoko chukueni zilizokomaa: zile zilizoota pete ya manjano pale fimbo inapoachana na tunda. Ya kijani tupu iliyonyofolewa kwa nguvu huwa haijawa tayari.

Twende kwenye kaboni. Si uongo kwamba ipo. Tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo mizizi na majani yanayozikwa humo huoza polepole mno, na kaboni iliyotoka hewani hukaa humo kwa karne nyingi. Ghala kubwa ni udongo, si miti mnayoiona. Msitu ukifyekwa na tope likafukuliwa, ile akiba hurudi hewani. Kinachouzwa ni ile tofauti kati ya msitu uliolindwa na ule ambao ungepotea, na ni lazima ipimwe na ithibitishwe na mtu asiyefaidika na mauzo.

Mfano wenye rekodi ndefu tunao hapa hapa pwani. Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ulianza mwaka 2013 kwa hekta 117 na mkataba wa miaka 20. Unauza kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kila mwaka. Vijiji vile viwili vina watu zaidi ya 5,000. Gawanya, dada: haifiki dola tatu kwa mtu kwa mwaka mzima. Ndiyo maana hawakuzigawa. Waliziweka pamoja, wakavuta maji ya bomba, wakakarabati shule, wakanunua vitabu, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata nyayo kwa hekta 460. Nauheshimu sana mradi huu, na ni kwa sababu ya kuuheshimu ndiyo nakuambia: anayewaahidi pesa kwa kila nyumba awaonyeshe hekta ngapi, tani ngapi, bei gani, na nyumba ngapi. Hesabu hiyo inafanyika kwenye karatasi moja ya daftari la mtoto.

Jambo la pili ni la kisheria, na nadhani hamjaambiwa. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, na leo iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Kikundi cha kina mama 26, hata kiwe na cheti cha usajili, hakiwezi kuuza kaboni ya msitu ambao si wake. Njia halali ni jamii kuunda chama cha misitu, yaani CFA, kikawa na mpango wa usimamizi na makubaliano yaliyotiwa saini na KFS. Kisha kuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023: inataka mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwa miradi ya kaboni ya ardhini jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Weka kidole kwenye neno gharama. Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa ndogo sana kama gharama zinaandikwa na upande mmoja. Ulizeni ni zipi, na nani anazikagua.

Ulizeni pia kama mumeo ataruhusiwa kutega kaa ndani ya eneo hilo kwa miaka yote 30, na kama kina mama wataokota kuni kavu. Ulizeni ni nani atakayebeba hasara msitu ukifa bila kosa lenu, maana hutokea: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori la Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Ulizeni mnatokaje kwenye mkataba mkiona hauwafai. Na mdai nakala ya Kiswahili isomwe hadharani barazani, kina mama na vijana wakiwepo, si wenyekiti watatu kwenye chumba cha hoteli.

Na mume wako? Hapa sitakudanganya. Ukataji wa boriti hautarudi kuwa kazi ya kila siku kama zamani, na hata pale unaporuhusiwa kwa leseni, tatizo limo msituni: kila mtu alitaka pau na boriti zilizonyooka, kilichobaki kwingi ni miti iliyopinda. Ninachopenda zaidi kwa mtu mwenye ujuzi wake ni kupanda mti wa mvinje. Watu wa pwani wanaujua, unaota vizuri kwenye mchanga, na baada ya miaka minne au mitano hivi unatoa nguzo za kujengea. Mradi wa Gazi wenyewe ulipanda mvinje ili watu wapate miti na kuni bila kugusa msitu. Ila unahitaji kipande cha ardhi na subira, na najua ardhi ndiyo ngumu.

Kunenepesha kaa vizimbani kunasifiwa sana. Kunaweza kufaa kama mumeo ananunuliwa kwa bei ndogo kaa wakonde ambao wiki chache za kulishwa zingewapandisha bei. Hakuongezi kaa baharini hata mmoja, maana wote wanatoka horini, na chakula chao ni samaki ambao nyumba ingeweza kuwala. Anzeni na vizimba vichache, pasipo kukata mti kuvijengea, mwandike kila shilingi. Mizinga ya nyuki pembezoni mwa msitu ni kazi nyepesi, maua ya mchu yana asali, na mzinga wenyewe ni mlinzi: hakuna anayeleta shoka penye nyuki. Watalii nao huingiza kitu mahali penye barabara na hoteli jirani. Kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao ya kutembeza wageni ndani ya mikoko, na huko Dabaso, hori la Mida, wanakikundi wana mkahawa wa kaa juu ya maji. Kama kijiji chenu kiko mbali na barabara ya lami, nisingeweka akiba ya kikundi kwenye mbao.

Haya yote nimeyasema nikiwa mbali, na kiwango cha tope lenu siwezi kukipima kwa barua. Kabla ya kupanda tena au kuchimba mkondo wowote, nendeni kituo cha KFS kilicho karibu. Mnahitaji ruhusa yao hata hivyo, na ombeni afisa aje kwa miguu. KMFRI wana wataalamu wa mikoko Mombasa na Gazi, na nijuavyo mimi hawamfukuzi anayekuja na swali. Kwa mkataba, tafuteni wakili asiyelipwa na yule mgeni; kama hela hakuna, pitieni mashirika ya msaada wa kisheria, na ofisi ya kaunti inayohusika na mazingira nayo ijue kwa maandishi kwamba mmefikiwa. Mkiwa mna BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, kisiachwe nje, kwa sababu wavuvi wakikatazwa hori bila kuulizwa, mkataba wote utavunjikia hapo.

Bamvua lijalo, maji yakishakupwa, mchukue mzee mmoja kati ya wale waliowacheka, na mumeo, na wenzako wawili. Aanze yeye kuwaonyesha palipokuwa na miti alipokuwa kijana. Bebeni kamba na vigingi, mchomeke kigingi kila penye kisiki. Maji yakijaa, rudini mtazame ni vigingi vipi vimezama na kwa muda gani, kisha uniandikie mlichokiona.